Kifungo cha Koti la Reli

“Hilo kovu si la chanjo, ni la—”

“Nesi, usimsikilize huyu, huyu ni—”

“—la moto. La kuchomwa. Nakwambia mimi niliyekuwepo, ni la kifungo cha—”

“—ni mtani wangu, tangu atoke tumboni mwa mama yake hajasema neno moja la kweli, hata shule aliandikishwa kwa jina la mwenzake—” mama akamkatiza.

“—cha koti la reli. Kifungo cha koti la reli. Mkague vizuri, nesi, ukisogea karibu utasoma na herufi,” mzee Lugembe akamalizia.

Uwanja mzima ukacheka. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua wa mabati, mbali na chumba cha nyuma, karibu na geti, ili pakitokea la kutokea wawe wa kwanza kukimbia. Lakini kicheko hakihitaji kusogea, kwa hiyo walicheka tu wakiwa kule kule.

Nesi Tekla naye alicheka. Alikuwa na barakoa, ila mabega yalimsaliti. Alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa mama, juu karibu na bega, analibonyezabonyeza lile kovu kwa kidole chenye glavu kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Binti mdogo wa Igunga, kazaliwa ndui ikiwa imeshakuwa hadithi ya wazee. Ndui hajaiona, kovu la chanjo yake hajaliona, kaambiwa tu lipo, linakuwa mkononi, na ni la mviringo. La mama lilikuwa mkononi na lilikuwa la mviringo.

“Ni lenyewe,” akasema.

Mama akashusha mkono wa gauni lake taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni.

Ilivyokuwa ni hivi. Dada yangu Ummy anauza chakula kule Ipuli, pale malori yanapolala. Wali maharage, samaki, chapati. Sahani haimuulizi dereva ametoka Kigoma au ametoka ng'ambo ya ziwa. Wiki iliyopita alianza na homa, mgongo ukauma, tezi zikavimba shingoni, kisha vikatoka vipele usoni na kwenye viganja vya mikono. Mtaani wakasema ni tetekuwanga. Kipimo kikasema ni homa ya nyani, ambayo manesi wanaiita Mpox, na kuanzia siku hiyo mtaa wetu mzima wa Chemchem ukawa unapita barabara ya pili.

Tekla akaja akamkagua. Akasema hali si mbaya, hahitaji kulazwa, anaweza kutengwa hapa hapa nyumbani, chumba chake peke yake, vyombo vyake peke yake, mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote. Ila lazima ahudumiwe na mtu mmoja tu, asibadilishwe. Na huyo mtu ingefaa awe amechanjwa ndui zamani, ile chanjo ya wazee.

“Inasaidia kiasi,” alisema. “Si ngao. Glavu zivaliwe vilevile. Lakini ni afadhali kuliko mtu ambaye hana chochote.”

Na asipopatikana? Asipopatikana, gari litakuja kumchukua Ummy, apelekwe kwenye kituo cha kutengwa nje ya mji. Majirani walishakubaliana kwamba kule hakuna aliyewahi kutoka. Ni kweli hakuna aliyetoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameingia, kituo chenyewe ndiyo kwanza kilikuwa kinapakwa chokaa. Lakini ukishaisikia sentensi kama hiyo, mama yako naye akaisikia, basi. Mama alisema gari hilo litamkanyaga yeye kwanza.

Kwa hiyo likabaki kovu.

Nikueleze jinsi makovu yalivyopanda chati huku kwetu. Chanjo mpya haikuwa imefika mtaani, ila ubaya wake ulishafika, ulitangulia kwa simu. Inafunga uzazi. Inalegeza wanaume. Jirani yetu Suzana, ambaye hakuwahi kukosa habari, alisikia kuna mtu huko mbali alichanjwa asubuhi, jioni akawa hawajui watoto wake. Mara wazee wenye kovu la ndui wakaanza kualikwa chai. Watoto wakapelekwa kuligusa. Chanjo ya zamani ndiyo ilikuwa chanjo, wanasema, tena wanaosema ni watu ambao bibi zao waliikimbia wakalala porini na fisi. Mama, mjane wa fundi cherehani, ambaye hakuna aliyekuwa anamkumbuka isipokuwa siku ya kutarizi kofia za Idi, akawa mtu. Akaanza kuvaa magauni ya mikono mifupi. Akipita, mtu anasema, “Bi Mwanne wewe huna wasiwasi,” naye anapandisha mkono kama mwenye bangili ya dhahabu.

“Na huyu kijana?” Tekla aliuliza, akinitazama mimi.

Nilikuwa naangalia viatu.

“Huyo ni Profesa Nusu,” Lugembe akadakia. “Chuo kilimpa nusu ya digrii, nusu nyingine wanaitafuta. Kovu hana, mke hana, na akili zake zimegawanywa sawasawa na hiyo digrii.”

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Ukiwa na mtani ndani ya nyumba unajifunza kucheka mapema, kabla hakijauma.

Viatu nilivyokuwa naangalia vilikuwa miguuni mwa Lugembe, na vilikuwa vya marehemu baba. Hapo ndipo niseme kidogo kuhusu huyu mzee, maana usipomjua utamshangaa mama bure.

Lugembe ni Mnyamwezi wa Goweko. Babu yake mama alikuwa Mzaramo, alipanda huku na misafara ya wabeba mizigo, akapenda, akabaki. Enzi hizo Mnyamwezi akifia pwani anazikwa na Mzaramo, Mzaramo akifia huku anazikwa na Mnyamwezi, na katika kuzikana huko ukatokea utani. Mtani hana mipaka. Anakutukana mbele ya wakwe zako, anaingia jikoni kwako anafunua sufuria, anabeba kuku wako anaondoka naye, na wewe kununa ni mwiko. Siku ukifa yeye ndiye anayechimba.

Baba alipofariki, Lugembe alichimba kaburi vizuri kabisa, akalipima, kisha akalala ndani yake chali, akafumba macho, akasema hatoki mpaka apewe viatu vipya vya marehemu. Shehe alisubiri. Jeneza lilisubiri. Jua lilikuwa kali. Mama, eda yake hata haijaanza vizuri, alisikia kilichotokea makaburini akacheka mpaka wanawake wakamshika. Viatu vikaletwa. Mwaka mwingine Lugembe alitangaza kule Goweko kwamba Mwanne amekufa, watu wakapanda treni na unga na magunia ya mkaa wakaja kuomboleza. Mama ndiye aliyewafungulia mlango. Unga ule tuliula mwezi mzima.

Sasa mtu kama huyo asimame mbele ya nesi, kavaa viatu vya maiti, aseme kovu la mama yangu ni la uongo. Nani atamsikiliza?

Alijaribu na njia nyingine. Akavua koti, akapandisha mkono wa shati.

“Kama mnataka kovu, hili hapa. La sindano yenyewe ya serikali. Mnaona? Limebonyea, lina vitundu kama ganda la chungwa. La kwake limelainika linang'aa, ni la moto. Yalinganisheni.”

“Hilo umejichoma na sigara juzi,” Suzana akasema kutoka kwenye geti.

“Sivuti sigara.”

“Unalima tumbaku heka tatu usivute?”

Tekla aliyaangalia makovu yote mawili. Aliinama, akaangalia tena, nikaona kabisa anatafuta kitu ambacho hajui kinafananaje.

“Yanafanana, babu,” akasema kwa heshima. “Halafu wewe si ndugu wa mgonjwa. Na ni mwanaume.”

Akamkabidhi mama glavu, barakoa, na dawa ya kuchanganya kwenye maji. Akamrudia maelekezo: nguo za mgonjwa zisikung'utwe, ziloweshwe, vidonda visishikwe kwa mkono mtupu, ukitoka, unavua glavu, unanawa hapo hapo mlangoni, na mama akisikia homa tu, hata ndogo, apige simu. Mama alijibu “ndiyo mwanangu” kwa kila kitu, kwa haraka, kama anayeogopa nesi asije akaghairi. Bodaboda ikapiga honi, Tekla akaenda kwenye nyumba nyingine.

Lugembe hakuondoka. Alikwenda kukaa juu ya kinu. Kukaa juu ya kinu ni mwiko, kila mtu anajua, ila mtani mwiko wake ni kwenda nyumbani.

“Mwanne,” akasema. “Mimi ndiye nitakayechimba. Mgongo huu hauinami tena. Nihurumie.”

“Utatafuta kijana akusaidie.”

“Mimi sisemi kwa mchezo.”

“Hujawahi kusema kwa mchezo. Hata siku uliyolala kwenye kaburi la mume wangu hukuwa na mchezo, ulitaka viatu.” Mama alikuwa anajifunga kanga ya pili kiunoni, anamimina maji ya moto kwenye beseni, anapima kwa kiwiko. “Haya, nani mwingine aingie? Mtaje. Mtaje huyo mtu, mimi nimpishe.”

Lugembe akavuta kamasi. Kisha akaanza kusimulia, na alisimulia akiwaangalia majirani, si mama.

Alisema walikuwa watoto Goweko, yeye na Mwanne, nyumba zinatazamana. Baba yake Mwanne alikuwa mtu wa reli, alikuwa na koti la kazi lenye vifungo vya shaba. Watu wa chanjo walikuja kwa treni. Ilipolia filimbi ya kituoni, wanawake waliwachukua watoto wakaingia nao msituni, maana ilisemekana sindano ile inapanda ugonjwa badala ya kuung'oa, na kwamba kuna mtoto upande wa Itigi mkono wake ulioza. Waliorudi jioni waliwakuta watu wa chanjo wamekaa barazani wanawasubiri. Walikuwa wanapandisha mikono ya watoto mmoja mmoja. Asiye na kovu anachomwa. Mwenye kovu anarukwa.

“Mama yake huyu alikuwa na akili kushinda wote,” Lugembe akasema. “Hakukimbia msituni. Alikata kifungo kimoja kwenye koti la mumewe, akakiweka kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakishika kwa koleo. Akaanza na Mwanne. Halafu akamshika mdogo wake, Mussa. Ilikuwa siku nyingi kabla watu wale hawajafika kwetu, habari zao zilishatangulia, kwa hiyo vidonda vilipata muda wa kukauka. Sisi baba yetu alisema tuchanjwe, tukachanjwa, tukalia. Wao walirukwa. Yule bwana wa chanjo akasema nyumba hii ni ya mfano, wazazi wote wangekuwa hivi. Akampa bibi yenu mkono.”

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanasubiri mwisho wake, maana hadithi ya Lugembe kichekesho hukaa mwishoni.

“Masika yaliyofuata ndui ikapita. Haikumaliza watu, ilichukua wachache tu. Ilimchukua Mussa. Baba yangu alichimba, mimi nilibeba maji ya kumwagia udongo, ulikuwa mkavu. Kaburi lake lilikuwa fupi, baba aliruka ndani akatoka bila kushikwa mkono. Huyu Mwanne ilimpita. Ilimpita tu. Haikugonga kwake, basi amekaa miaka yote hii anasema alifunga mlango.”

Huo ndiyo ulikuwa mwisho.

Mimi nilijua mama aliwahi kuwa na mdogo wake aliyeitwa Mussa akafa mdogo. Tuliambiwa alikufa kwa homa. Kwenye ukoo wetu homa imeua watu wengi sana, ni jina tunalowapa wote ambao hatutaki kuwaeleza. Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika ukingo wa beseni, mvuke unampanda usoni.

Suzana ndiye aliyeanza. Alipiga makofi, taratibu, halafu kwa nguvu.

“Lugembe leo umejipita. Na machozi umeyatoa wapi?”

Ndipo kicheko kikamwagika, kikubwa kuliko vyote vya asubuhi ile, kwa sababu kilikuwa na nafuu ndani yake. Mtu mmoja akasema mzee huyu angepewa redio, nchi ingekoma. Mwingine akasema kifungo cha koti, jamani, angesema hata kijiko. Na mama akacheka pamoja nao. Alicheka akifuta macho kwa pindo la kanga, akitikisa kichwa, akisema, “Mmemsikia? Mbwa wa Goweko huyu. Mmemsikia lakini.”

Lugembe alivaa koti lake. Alifunga vifungo vyote, kimoja kimoja, hadi kile cha juu ambacho hakuna mtu anayekifunga. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

“Mama,” Ummy aliita kutoka chumba cha nyuma. Sauti ilikuwa kavu. “Maji yamepoa?”

“Nakuja, mwanangu.”

Akavaa barakoa. Akavaa glavu, ya kushoto, kisha ya kulia, iligoma kwenye pete akaivuta kwa nguvu. Akainua beseni. Akaanza kuvuka uwanja.

“Bi Mwanne, subiri kwanza.” Alikuwa Suzana, na alikuwa ametoka kwenye geti. Tangu Ummy augue hakuwahi kusogea hivyo. Alikuwa anamvuta mkono binti yake Benedikta, wa miaka minne, kavaa sare ya chekechea, soksi moja juu moja chini. “Nina ombi dogo, usinikatalie. Ukitoka humo ndani usinawe. Nesi kasema unawe mlangoni, lakini nesi naye ni mtoto tu. Wewe toka na mikono yako hivyo hivyo, umpake huyu hapa begani, na usoni kidogo. Ukishamshika mgonjwa na kinga yako ikaushinda ugonjwa, hayo maji ya mikononi yanakuwa dawa. Hata bibi yangu alisema zamani walifanya hivyo.”

“Suzana,” nikasema.

“Wewe nyamaza, Nusu. Mimi sindano yao siitaki, mwanangu hatakuja kukosa uzazi. Lakini ya Bi Mwanne tunaiona, iko hapo mkononi, haijamdhuru mpaka leo.”

“Na wangu wawili,” mwingine akasema kule kwenye mabati. “Wakitoka shule nawaleta.”

“Tupange foleni basi, asichoke.”

Nikamtazama Lugembe, nikamtazama kabisa kwa kumwomba. Aseme kitu. Alifungua mikono yake miwili, akaifumba. Maneno aliyokuwa nayo alishayatumia, na watu walishayacheka.

Suzana alikuwa ameshapandisha mkono wa sare ya mwanaye. Bega lilikuwa dogo, jeusi, safi, lina mafuta ya nazi. Na Benedikta, ambaye nadhani alishaelekezwa nyumbani, aliunyoosha ule mkono mbele ya mama yangu, akageuza uso upande wa pili, akafumba macho kwa nguvu kama wanavyofumba watoto wanaojua kwamba kutakuwa na maumivu na wameambiwa wasilie.

Mama alisimama pale pale. Alilitazama lile bega. Alilitazama muda mrefu mpaka watu wakaanza kuona haya, mpaka Suzana akasema, “Si sasa hivi, Bi Mwanne, ukitoka.”

Mama akaliweka beseni chini. Maji yalicheza, yakatulia. Akavua glavu ya kulia, akavua ya kushoto, akazikunja pamoja. Akaushusha mkono wa sare ya Benedikta, akaunyoosha vizuri mpaka kwenye kiwiko, kwa ncha za vidole.

“Mrudishe mwanao nyumbani,” akamwambia Suzana.

“Nimekosea nini?”

Mama aligeukia kwenye kinu.

“Lugembe,” akasema.

Si mtani. Si mbwa wa Goweko, si mwizi wa viatu. Sikuwahi kulisikia jina lile likitoka kinywani mwake. Lugembe naye, nadhani, hakuwahi, kwa sababu alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

“Naam.”

Mama alimnyooshea zile glavu.

“Ingia wewe,” akasema. “Ukamwogeshe mwanangu.”